Mwache Mdogo Wako Alimalize Neno Lake

Mdogo wangu wa kiume alianza kushikwa na kigugumizi akiwa na umri wa miaka 4, tukiishi karibu na Buxton hapa Mombasa, na kwa miaka mingi mimi, dada yake, nilikuwa msemaji wake. Akitumwa dukani nilifuatana naye, na akikwama nilimtajia neno kabla muuzaji hajachoka kungoja. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Alipofika miaka 13 aliniambia, huku akilia, kwamba kila nilipommalizia neno nilimwonyesha kuwa hata mimi siamini kwamba ataweza kulisema.

Kigugumizi si kitembe. Mwenye kigugumizi analijua neno lake barabara, ila njiani hurudia silabi, huvuta sauti, au huzibwa kabisa, mdomo u wazi na sauti haitoki. Aghalabu huanza baina ya miaka 2 na 5. Watoto wengi huwatoka wakikua, lakini takriban mtu mzima 1 katika kila 100 huishi nacho, wanaume wakiwa wengi zaidi. Nasaba ina sehemu kubwa, pamoja na namna ubongo unavyoongoza usemi. Woga huweza kukizidisha, lakini sio uliokizaa, wala hakiletwi na malezi mabaya au jicho la mtu. Bibi yetu alimwandikishia kombe, yaani aya za Kurani zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji, akalinywa, nami simlaumu, kwani alihangaika kwa uchungu wa mjukuu wake, lakini kilichomuumiza zaidi mdogo wangu ni kuambiwa kila siku, "Tulia kwanza, vuta pumzi."

Madrasa ndiyo iliyowakanganya watu. Akisoma Kurani kwa pamoja na wenzake hakukwama hata mara moja, lakini akitakiwa kujibu peke yake ulimi ulifunga, na wapo waliosema anajifanya. Hakuwa akijifanya: kusoma kwa sauti moja na wengine, kama kuimba, huwaondolea wengi kigugumizi kwa muda huo. Ustadhi wake alilielewa hilo, akamsomea dua ya Nabii Musa katika Sura Taha, alipomwomba Mola amfungulie fundo la ulimi wake.

Nyumbani aliweza kukwepa. "Mbaazi" ikimshinda, alisema "kile cha kulia mahamri". Majina hayakwepeki. Akitoka Bamburi kwa matatu alingoja abiria mwingine aitaje Buxton, na asipotokea mtu alipitilizwa hadi mjini, akarudi kwa miguu juani.

Kwa hiyo nyamaza, umtazame usoni kama unavyomtazama mtu yeyote, kisha ujibu alichosema, si jinsi alivyokisema. Wewe mwenyewe punguza kasi ya maneno yako. Hapo sinia inapozungukwa na kila mtu anazungumza, hakikisha naye anapata zamu. Akidhihakiwa, muulize kwanza iwapo anataka umtetee. Mtoto anayekazana kutoa neno mpaka uso unakunjamana apelekwe mapema kwa mtaalamu wa usemi. Hakuna dawa ya kumeza iliyothibitika kukiponya kigugumizi, lakini mafunzo humpunguzia mzigo.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matatu pamoja, makanga akauliza tunashukia wapi. Sauti ilimshika mdogo wangu, gari likaanza kuipita steji, makanga akanigeukia mimi. Nilimtazama mdogo wangu, nikangoja.

"Buxton," akasema, na gari likasimama.