Fundi Jibu: mashine ya kufyekea, pori la Dodoma na vumbi lake

Safari hii karibu kila ujumbe mlionitumia unahusu mashine ya kufyekea, ile ya petroli ya kuning'iniza begani. Naelewa kabisa, huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwahiyo kuanzia Septemba kila mwenye shamba lenye kichaka anahangaika. Nimechukua yale maswali yanayojirudia, mengine nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ekari nne Chamwino nilinunua mwaka jana, zimejaa mtundulu, vimigunga vidogo vidogo na majani marefu. Vibarua wa panga wamenitajia bei nikaishiwa nguvu. Dukani nimeonyeshwa mashine ya cc 43 na ya cc 52, muuzaji anasema zote zinafyeka mpaka miti. Nichukue ipi, na je itamaliza kazi yote? (Msomaji, Dodoma Mjini)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, haitamaliza kazi yote. Mashine hii inakata, haing'oi. Kisiki kinabaki na mizizi yake hai, na mtundulu ndo mbishi kuliko yote, ukiukata unachipua pale shinani na unatoa machipukizi mengine kwenye mizizi, mwakani unakuta kichaka kizito kuliko kile ulichofyeka. Kwahiyo usiwafute vibarua wote, bakiza hela ya watu wa sururu kwa yale maeneo utakayolima na trekta au ng'ombe. Mashine ikupunguzie siku za panga, hapo ndo faida yake ilipo na ni faida kubwa.

Kwa pori hilo chukua cc 52, hizo cc ni ukubwa wa injini. Hiyo 43 ni nzuri kwa kiwanja cha Ihumwa au Nala chenye majani na vichaka vyepesi, lakini kwenye miiba migumu utaikaba resi muda wote na injini inayokabwa muda wote haikai. Halafu kuna jambo wauzaji hawasemagi, Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, injini ndogo kama hizi zinapoteza nguvu kama asilimia 10 hivi ukilinganisha na ikiwa Dar. Mashine iliyokutosha Bagamoyo huku utaiona imechoka.

Ila usinunue cc peke yake. Angalia bomba lake, lile refu la kutoka kwenye injini mpaka kwenye kisu, ni nene na halichezi, angalia ina mikono miwili mipana ya kushika kushoto na kulia, sio ile yenye kishikio kimoja cha duara, maana hiyo ya duara sio ya kufungia msumeno. Mkanda uwe wa mabega mawili. Ukiivaa, iachie mikono kabisa, kisu kining'inie chenyewe sentimita chache juu ya ardhi. Kama kinazama au kinapaa, rekebisha mkanda na ile sehemu ya kuning'inizia mpaka kikae, la sivyo jioni mgongo utakuuma na utasema mashine ni mbaya.

Cha kukatia nacho kina kazi zake. Uzi wa nailoni ni wa majani tu, ukiuingiza kwenye miiba unakuishia na miiba inakurukia wewe. Kisu cha meno matatu ni cha majani magumu na vichaka vya shina la kama sentimita 2. Msumeno wa duara ndo wa vimiti, hadi sentimita 4 kwa mashine za kawaida, zile kubwa za kitaalamu zinafika 7. Zaidi ya hapo ni shoka au cheinso, usilazimishe. Na shika hili vizuri: kwenye mashine nyingi kisu kinazunguka kuelekea kushoto ukikitazama kutoka juu, kwahiyo unakatia upande wa kushoto na unafagia kutoka kulia kwenda kushoto. Ukigusa mti mgumu na ile sehemu ya mbele upande wa kulia mashine inakurusha, inageuka ghafla na kukuvuta nayo. Ndo maana mtu mwingine asikae karibu yako chini ya mita 15, watoto na mbuzi nao vilevile. Vaa miwani ya grenda au ile ngao ya uso, kitu cha kuziba masikio, suruali nzito na buti ngumu. Ndala hapana, hata kama ni dakika tano.

Mwisho, usifyeke kila kitu, nakuomba. Kabla hujawasha mashine zunguka shamba na vitambaa vya rangi kali, funga kwenye ile miti unayotaka ibaki, maana ukishazama kwenye majani na kelele masikioni huoni tena kipi ni kipi. Wale wa Kisiki Hai, mradi wa kufufua miti kutoka kwenye visiki, wamepita vijiji vingi vya mkoa huu wakifundisha kuchagua visiki vinavyochipua, kupogolea, kuweka alama na kutunza, na waliofuata wanapata kivuli, kuni na malisho bila kupanda mche hata mmoja. Wazee wa Kondoa wanajua ardhi ikibaki uchi inakuwaje, makorongo yalitisha mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Shamba lako lina mteremko? Acha mstari wa vichaka kukingama na maji.

SWALI: Habari za kazi fundi. Kikundi chetu cha kina mama huku Bahi tulichanga tukanunua mashine ya kukodisha. Mwanzo ilikuwa na nguvu kweli, sahivi inawaka lakini ukipiga resi inakoroma tu haipandi, na ikipata joto inazima. Kijana anayeiendesha anasema oili anakadiria kwa macho. Fundi wa pikipiki anasema pistoni na ringi zimeisha tununue mpya. Hela hatuna, tufanyeje?

JIBU: Poleni sana dada zangu, najua mchango wa kikundi unavyokusanywa kwa shida. Msinunue pistoni bado.

Anzeni na eya klina. Fungueni kile kifuniko cha pembeni ya kabureta mtoe sponji yake. Kwa Bahi na lile vumbi la mbuga nina hakika mtakuta imeganda rangi ya udongo, ukiibinya inatoa unga. Injini inakosa hewa, inabaki inakunywa petroli nyingi, ndo huko kukoroma. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mkamue bila kuinyonga, ikauke kivulini kabisa, kama ni ya aina ya kupakwa oili mpakeni kidogo na mkamue tena. Kama ni ya karatasi haioshwi, gongeni vumbi litoke na ikizidi kuchoka nunueni nyingine, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na silinda. Huku kwetu hii ni kazi ya kila siku ya kazi, sio ya wiki. Na kamwe kijana asiendeshe bila sponji eti ili mashine ivute vizuri, mchanga ukiingia unasaga ringi na silinda kwa muda mfupi sana, na hapo maneno ya fundi wenu yatakuwa kweli.

Kisha ekzosi. Ndani yake mashine nyingi zina kiwavu kidogo cha kuzuia cheche, kikizibwa na masizi mashine inakosa pa kutolea moshi na resi haipandi. Kitoeni, kisugueni kwa brashi ya waya, kirudisheni.

Hilo la kuzima ikipata joto, jaribuni kitu kimoja rahisi. Ikizima tu, legezeni mfuniko wa tanki. Mkisikia hewa inafyonzwa na mashine ikawaka tena vizuri, basi kile kitundu cha kupumulia tanki kimezibwa na vumbi, safisheni, mmemaliza. Kama sio hivyo angalieni filta ndogo iliyo ndani ya tanki kwenye ncha ya mpira, inavutwa nje kwa waya uliopindwa.

Sasa mjue kama pistoni ni nzima kabla ya kutoa hata shilingi. Injini ikiwa ya baridi, toeni plagi, fungueni ekzosi yote, mulikeni kwa tochi ya simu kwenye lile tundu la silinda huku mmoja anavuta kamba polepole. Pistoni nzima ubavu wake ni laini. Ikiwa na michirizi mirefu ya kusimama kama imekwaruzwa, imeshaumia, na chanzo mara nyingi ni oili kidogo. Plagi nayo inasema: rangi ya kahawia ni sawa, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi au hewa kidogo, nyeupe kabisa ni joto kali, simamisheni kazi mtafute sababu.

Na hiyo ya kukadiria kwa macho ikome leo. Fundi wa pikipiki simlaumu, bodaboda karibu zote oili yake inakaa chini kwenye injini, lakini hii yenu bila shaka ni tustroki, oili pekee inayolainisha pistoni ni ile iliyo ndani ya petroli. Kitabu cha mashine kikisema 50 kwa 1, lita moja ya petroli inapata mililita 20, dumu la lita 5 linapata mililita 100. Kikisema 25 kwa 1 ni mara mbili yake, 40 kwa lita na 200 kwa lita 5. Nunueni bomba la sindano kubwa famasi au kikombe chenye vipimo, mchanganye kwenye dumu safi na kutikisa, sio ndani ya tanki. Oili iwe ya tustroki yenyewe, ile ya gari au bodaboda haiungui vizuri, inaacha masizi. Kuna mashine chache za kufyekea ambazo ni fostroki, hizo zina mfuniko wa oili kwenye injini na hazichanganywi, kwahiyo angalieni yenu ni ipi. Mkiikodisha, mafuta changanyeni nyinyi wenyewe, mteja asije na ya kwake.

SWALI: Fundi nati ya kisu imegoma kufunguka, nimekaza na spana mpaka spana imeteleza. Pia kile kichwa cha chini chenye gia kinachemka hakishikiki. (Kijana wa Kibaigwa)

JIBU: Unaikaza hiyo, sio kuifungua. Mashine nyingi za bomba refu nati ya kisu ina nyuzi za kinyume, inafunguka ukizungusha upande ambao nati nyingine zote zinakazwa. Zima injini, vua kofia ya plagi, chomeka kile kipini kinachokuja na mashine kwenye tundu la kichwa mpaka kizuie mhimili, halafu zungusha. Kichwa kinachemka kwa kukosa grisi. Pembeni yake kuna skrubu, ifungue, bonyeza grisi ya gia kidogo huku unazungusha kisu kwa mkono ukiwa na glavu. Usijaze mpaka pomoni, nayo inachemsha. Rudia kila baada ya saa kama 25 za kazi.

SWALI: Kisu kimepata ufa baada ya kugonga jiwe, mchomeleaji anasema anaziba. Mwingine anatuuzia kichwa cha cheni cha kufunga badala ya kisu, anadai kinamaliza miiba yote. Ushauri? (Mpwapwa)

JIBU: Yote mawili hapana, na hapa sibembelezi. Kisu kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, chuma chake kimepikwa kwa ugumu maalum na moto wa kuchomelea unauharibu, kipande kikiruka hakichagui kinampata nani. Kikipata ufa hata mdogo kama unywele kikunje kitupwe, asije mwingine akakiokota akakifunga. Kuhusu cheni, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vichwa vya aina hiyo kwenye mashine za kubeba mkononi mwaka 2012, baada ya pingili ya cheni kukatika na kuua mtu Uingereza. Vilima vya Mpwapwa vina mawe kila mahali, hapo cheni ni hatari zaidi. Piteni kwanza kwa miguu, toeni mawe na waya, na kisu kinoeni kwa tupa, kila jino idadi ileile ya mapigo, kikilemea upande mmoja mashine inatetemeka na mikono inakufa ganzi.

SWALI: Nikimaliza msimu naitunzaje, na ni kweli inaweza kuwasha moto porini? (Singida)

JIBU: Ni kweli. Ekzosi ikiwa ya moto usiilaze kwenye majani makavu, na usijaze petroli mpaka ipoe kidogo, usogee hatua kadhaa kutoka ulipomwagia ndo uwashe. Kile kiwavu cha cheche usikitupe. Kuitunza: mwaga petroli yote, iwashe mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke, maana petroli iliyochanganywa ikikaa zaidi ya mwezi inaharibika na utando wake unaziba vitundu. Toa plagi, dondoshea oili ya tustroki kidogo, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi. Kisu kipake oili, kivue, kihifadhi mbali na watoto, na mashine iitundike mahali pakavu pasipofikiwa na panya, wanapenda sana ile mipira ya mafuta.