Sikurekodi mimi, nilirusha tu kwenye grupu, na mimi nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke nauza dagaa mwaloni Kibirizi hapa Kigoma. Kuna mwenzetu alifumaniwa gesti, watu wakamrekodi anatolewa nje na khanga moja, video ikanifikia nikairusha kwenye grupu letu la kikoba. Sikurekodi mimi, na jambo lenyewe ni kweli sikumzulia. Sasa haji tena mwaloni na watoto wake wanataniwa madrasa. Je nina dhambi, na nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Dhambi ipo tena sio ndogo, nianze na hilo usije ukasoma mpaka chini unatafuta upenyo.

Unasema ni kweli hukumzulia. Masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) hivyohivyo, je kama hilo ninalolisema ndugu yangu analo kweli? Akajibu kama analo ndio umemsengenya na kama hana umemzulia, hadithi hiyo kaipokea Imamu Muslim. Kwahiyo huo ukweli wako haukutoi, ndio unakuingiza. Na kwani umejuaje ni kweli? Wewe umeona mwanamke na khanga anavutwa nje ya gesti basi, hukuona zaidi ya hapo, na Suratun Nur aya ya 4 inataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke zinaa, asiyewaleta anachapwa bakora 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. (Halafu mwanaume aliyekuwa naye mbona hata kwenye swali lako simuoni, yeye anadunda tu mjini?)

Hili la "sikurekodi mimi" nalisikia sana siku hizi, kila mtu kaletewa tu, hakuna aliyeanzisha. Sikiliza kisa cha Maiz, alizini enzi za Mtume, mtu mmoja anaitwa Hazzal akamshauri aende kwa Mtume akajieleze mwenyewe. Hazzal hakutangaza sokoni, alimpeleka kwa Mtume jamani, na bado akaambiwa lau ungemsitiri kwa nguo yako ingekuwa bora kwako. Wewe umempeleka kwa wanakikoba.

Sasa ufanyeje. Toba kwa Mwenyezi Mungu unaijua, ujute, uache, uweke nia ya kutorudia, ila hapa kuna haki ya mja na hiyo haiishi kwa istighfari ukiwa kwenye mswala peke yako. Wanazuoni wametofautiana, wapo wanaosema lazima umfuate umuombe radhi, wapo wanaosema kama hajui kwamba na wewe ulimsema usimuongezee machungu, muombee dua na umtaje kwa mema palepale ulipomchafua. Mimi kwa hali ya huyu dada naegemea la pili kama kweli hajui, ila akiwa anajua ni wewe hapo hakuna kona, nenda. Nenda peke yako sio na msafara wa kina mama, na usianze kumuuliza eti ilikuwaje.

Na kwenye grupu lazima useme, uandike kwamba nilikosea kurusha ile video, naomba kila mtu aifute na asiitume mbele. Najua ni aibu, watakucheka na wengine watasema umejifanya mlokole, vumilia, yeye kavumilia kubwa kuliko hiyo. Halafu mfanyieni mpango arudi kazini, mwaloni ukikaa nje wiki kadhaa wateja wameshahama na mtaji umeliwa, na hiyo hela ya kikoba si ndio kazi yake, mkopesheni kama mnavyomkopesha mwingine.

Hao watoto ndio wanaoniuma zaidi. Qur'ani inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, sasa mtoto mdogo ambaye bado yuko juzuu amma (juzuu ya mwisho ya Qur'ani) anabebeshwaje? Ongea na ustadhi wao leo sio kesho, awakemee wanaotania, na kama na yeye hiyo video anayo kwenye simu basi aanze kufuta ya kwake.