Swali: Grinda naweza kuigeuza mashine ya msasa ya diski?

SWALI: Habari fundi. Nina kakarakana kadogo nyumbani hapa Morogoro, natengeneza stuli na vimeza vya sebuleni. Kupiga msasa kwa mkono kumenichosha, hasa kwenye vichwa vya mbao na zile kona za duara. Nimeona video jamaa kafunga grinda ya inchi 4 na nusu kwenye benchi, kaweka diski ya plaiwudi ya inchi 10, kabandika msasa, inakula mbao balaa. Grinda ninayo tayari. Nikiibana vizuri isitikisike kuna shida? Na msasa nitumie namba ngapi?

JIBU: Msasa namba 80 kwa kutoa umbo, 120 kwa kumalizia, hilo la pili limeisha. La kwanza sasa: usiibane vizuri wala vibaya, usiifunge kabisa.

Mdogo wangu hili swali naletewa kila mara, na kila mara mtu anauliza kuhusu kubana. Kubana sio tatizo. Tatizo ni kwamba watu wanaamini chochote kinachozunguka ni mota, na kikizunguka haraka zaidi ndo mbao inatoka laini zaidi. Sio kweli hata kidogo. Spidi ikizidi msasa unapata moto, utomvu unaganda kwenye punje, mbao inaungua inatoka alama nyeusi, halafu unaanza kuikwangua kwa mkono, kazi ileile uliyokuwa unaikimbia. Na hapo ni kama una bahati.

Chukua kalamu. Grinda yako ina mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 10 ukiizungushia spidi hiyo, ukingo wake unatakiwa ukimbie karibu mita 146 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Sasa kachukue diski yako ya kukatia chuma, soma maandishi yake, utakuta 80 m/s. Hiyo imetengenezwa kiwandani, ina nyavu ndani yake, na bado wamekuandikia mwisho wake ni mita 80. Wewe unataka plaiwudi uliyokata kwa jigso ipite hapo? Najua atatokea mtu aseme diski kubwa inaielemea grinda haifiki spidi yake. Sawa, ifike nusu basi, bado ni mita 73 kwa sekunde, na hicho ni kipande cha mbao cha nusu kilo na zaidi ambacho gundi yake ya ndani huijui ilivyoshika wapi. Nguvu ya kukivuta kipasuke inapanda kwa mraba wa spidi, yaani spidi mara mbili nguvu mara nne. Ukitoka mizunguko 1,440 ukaenda 11,000 umeiongeza mara 58 hivi. Na kava la grinda umeshalitoa maana inchi 10 haiingii mle.

Halafu kuna wale wa "weka dima ya feni uipunguze spidi". Hawa ndo wananitoa povu kabisa. Grinda ukiipunguza hivyo inakosa nguvu, ukiigusisha mbao inasimama, na feni yake ya ndani nayo imepungua kwahiyo mota inaungua taratibu. Mbaya zaidi, kile kifaa cha ndani ya dima kikifa mara nyingi kinakufa kikiwa kimeunga, maana yake umeme unapita wote na diski yako inaruka kwenda spidi kamili hapohapo umeiinamia. Mtu anauza kitu hicho anakiita "spidi kontrola" na wewe unamshukuru.

Unachotakiwa kutafuta ni mota ya kawaida isiyo na kaboni (vile vipande vyeusi vinavyosugua ndani ya mota, kama vya grinda), ile ya kapasita. Kwa umeme wetu wa 50 Hz zipo za aina mbili unazokutana nazo sana: zinazoandikwa RPM (mizunguko kwa dakika) 1,400 na kitu, na zinazoandikwa 2,800 na kitu. Za kwanza ndo dhahabu. Hosipawa moja, yaani wati kama 750, inatosha diski ya inchi 10 mpaka 12 bila kulalamika. Mota za pampu za maji za nusu hosi zilizojaa Gerezani kule Dar na kwingineko nyingi ni za 2,850, sio mbaya ila hapo shusha diski: inchi 6 kwenye 2,850 ukingo wake unakimbia karibu sawasawa na inchi 12 kwenye 1,440, kama mita 23 kwa sekunde, na hapo mbao inakatika safi bila kuungua. Ukitaka diski kubwa na mota ya 2,850 basi weka puli mbili na mkanda uipunguze nusu.

Mota ya mashine ya kufulia? Inategemea. Ya twin tub, ile ya matenki mawili, inazunguka taratibu lakini haina nguvu, ukisukuma mbao kidogo inasimama inaanza kunguruma. Ile ya mashine ya mlango wa mbele, nyingi zina kaboni, ukiiunga moja kwa moja bila ile bodi yake haina cha kuizuia, bila mzigo inapanda spidi tu. Hiyo ni grinda nyingine kwenye nguo tofauti.

Diski yenyewe kata MDF au plaiwudi nzuri ya milimita 18. Usitoboe tundu katikati ukakaza kwa nati ukasema tayari, itayumba na nati itajifungua. Nenda kwa fundi wa kukereza akutengenezee flenji ya chuma inayoingia kwenye shafti ya mota, yenye skrubu ya kubana juu ya kile kijimfereji cha shafti, uifunge diski kwa skrubu fupi zisizotokeza mbele. Hapa ndo watu wanabana hela, wakati ndo sehemu pekee ya mashine nzima ambayo haitakiwi kubahatisha. Ikishafungwa, washa mota, egemeza patasi kwenye meza iliyokazwa na uikwangue diski taratibu mpaka ukingo na uso vinyooke. Gundi ya mbao usitumie kubandika msasa, hautoki tena, tumia ya viatu au nunua misasa yenye gundi yake.

Meza iwe nyuzi 90 na diski, nafasi kati yake milimita 2 hivi, kubwa zaidi ya hapo kipande kidogo kinamezwa na kidole kinafuata. Na tumia upande unaoshuka tu. Diski ikizunguka kinyume cha saa ukiwa umeitazama, ni upande wa kushoto. Upande wa pili unakurushia mbao usoni.

Swichi nayo, kwa umeme wetu huu. Umeme umekatika, umesahau kuzima, umeinama unasafisha diski, umeme unarudi. Kuna swichi za mashine zinazojiachia umeme ukikatika na haziwaki mpaka ubonyeze tena. Mwambie muuzaji akujaribie mbele yako, sio kila yenye kitufe cha kijani na chekundu iko hivyo.

Vumbi sisemi sana maana najua mtanuna: vumbi la mbao lipo kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa orodha ya IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, toka 1995, ni kansa ya pua na matundu yake ya ndani. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu. Na kama unasaga mninga au mvule ndani ya chumba kisicho na dirisha utapiga chafya mpaka uelewe mwenyewe. Chuma usinoe kwenye mashine hiyo, cheche na unga wa mbao ni moto.

Ila hii tabia ya kuigeuza grinda haiishii kwenye msasa. Wanaifunga bledi ya mbao yenye meno, wakati mashine ya mkono ya kukatia mbao inazunguka kama nusu ya hapo na ina kava na mikono miwili ya kushikia. Wanaifunga cheni ya msumeno. Meno yakinasa kwenye fundo la mbao grinda inaruka kwenda pajani au tumboni, na hao wanaorekodi video wanakata kipande hicho kabla hawajapakia. Kila wiki naambiwa "mbona fulani anatumia miaka yote". Muulize huyo fulani akuoneshe vidole vyote kumi.

Ukienda kununua mota soma kibati kwanza. Kama namba zimefutika na muuzaji anakwambia "hii inazunguka sana kaka", muache nayo.