Maswali ya Wasomaji: Kadi za Mkuu wa Sheria

SWALI: Mheshimiwa Wakili, mimi ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa 3 hapa Kampala. Vijana wawili wenye kampuni changa huko Ntinda, waliotengeneza programu ya simu inayowakutanisha wakulima wa mahindi na wanunuzi, wananitaka niwe mwanasheria wao wa ndani wakati wa likizo ndefu. Watanipa nauli na chakula, na wameniahidi hisa mambo yakinyooka. Wakili mwingine hawana, na tayari wamenichapia kadi zenye cheo cha Mkuu wa Sheria. Baba anasema nitafute nafasi katika ofisi ya mawakili kama wenzangu. Nifanyeje?

JIBU: Dada msomaji, nafasi hiyo ningependa uipate, lakini si kwa namna ulivyopewa. Anza kwa kuzirudisha kadi. Hujamaliza shahada, bado hujapita Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili, na jina lako halimo katika orodha ya mawakili. Nayo Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kujifanya wakili. Doa la namna hiyo linaweza kukurudia siku utakapoomba kuandikishwa.

Kuna jambo jingine ambalo waanzilishi wengi hawalijui. Siri kati ya wakili na mteja inalindwa na Sheria ya Ushahidi, na ulinzi huo unawafikia pia makarani na wasaidizi wa wakili. Mwanafunzi anayeshauri peke yake hana wakili wa kumkinga, hivyo ushauri utakaowaandikia vijana hao leo huenda ukadaiwa utolewe mahakamani kesho. Kwa hiyo waombe wamtafute wakili mwenye leseni, hata wa saa chache kwa wiki, atakayesoma rasimu zako na kuweka sahihi yake. Wakikataa, usiende.

Wakikubali, nenda kwa moyo wote. Katika ofisi ya mawakili mgogoro huletwa ukiwa umeshaiva, na faili limefungwa kamba. Katika kampuni changa unakaa meza moja na fundi wa programu kabla kosa halijatendeka. Chukua kitufe kimoja tu, kile anachobonyeza mnunuzi kuweka pesa hadi mahindi yamfikie. Fundi anaona kitufe, lakini wewe utauliza pesa hizo zinakaa kwa nani usiku huo, kwa kuwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020 inahitaji leseni ya Benki Kuu ya Uganda kwa huduma za malipo, na huenda dawa ikawa kumwachia kazi hiyo mtoa huduma aliye na leseni tayari. Utauliza pia kwa nini mkulima anaombwa namba ya kitambulisho, na kama kampuni imejiandikisha kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2019.

Niliwahi kuletewa faili la kampuni ambayo programu yake iliandikwa na rafiki wa mwanzilishi miezi kadhaa kabla kampuni haijasajiliwa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 humpa mwajiri, au aliyeagiza kazi, haki ya kazi iliyofanywa kwa ajili yake, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini kampuni ambayo haikuwapo isingeweza kumwajiri wala kumwagiza mtu. Mwekezaji alipoomba hati, haikuonekana hata karatasi moja. Basi siku yako ya kwanza, uliza nani aliandika programu, lini, na karatasi ya kuikabidhi kwa kampuni iko wapi.

Mikataba pia utaikuta imetawanyika katika WhatsApp. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi vizio 25 vya fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Maandishi ya kielektroniki yanatambuliwa na sheria ya 2011, ila kuokota bei kutoka ujumbe mmoja na tarehe kutoka mwingine ni kazi ngumu mbele ya hakimu. Wazoeze kuandika karatasi moja.

Ugumu utakaokupima hasa ni huu: mteja wako ni kampuni, si vijana wale wawili. Siku watakapokosana, kila mmoja atakuvuta pembeni akuombe ushauri kwa siri. Mwambie mapema, kwa upole, kwamba huwezi kumshauri dhidi ya mwenzake, na kwamba anatakiwa awe na wakili wake binafsi. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu mliyekula naye rolex, ile chapati ya mayai, mchana.

Kuhusu hisa, ahadi ya mdomo usiihesabu. Iandikwe ni hisa ngapi, zinakuwa zako lini, na itakuwaje ukirudi masomoni. Mkataba huo usiuandike wewe mwenyewe, kwa kuwa hapo maslahi yako na ya kampuni yanagongana.

Baba yako hajakosea, maana anachokutakia ni msimamizi, na ofisi ya mawakili inaye. Mpelekee jina la wakili atakayekusimamia Ntinda, kisha mzungumze tena.