Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Barua ya Kusimamishwa Kugongwa Muhuri

Barua nyingi za safari hii zinahusu nidhamu katika shule za umma, nami nimechagua nne. Sheria za elimu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kila nitakapotaja sheria nitaitaja pamoja na nchi yake, ili msomaji asije akaibeba sheria ya jirani na kumpelekea mkuu wake wa shule kana kwamba ni ya kwao.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili amerudishwa nyumbani kwa wiki mbili. Barua aliyokuja nayo ina sentensi moja tu, kwamba amesimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu. Mwenyewe anasema palizuka ugomvi bwenini, yeye akaingia kuamulia, na hakuna mwalimu aliyemuuliza lolote. Je, mkuu wa shule ana haki ya kufanya hivyo? Nami nianzie wapi?
Mama wa kidato cha pili

JIBU: Mama, mkuu wa shule kwa kawaida anayo mamlaka ya kumwondoa mwanafunzi shuleni kwa muda, peke yake au pamoja na bodi, na si busara kuanza kwa kuyabishia mamlaka hayo. Swali la kumuuliza ni jingine: je, kijana alisikilizwa kabla barua haijaandikwa?

Suala hili lilifika mbali huko Marekani. Mwaka 1971, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, wanafunzi kadhaa wa shule za umma walisimamishwa kwa muda usiozidi siku 10 kufuatia vurugu shuleni, na hawakupewa nafasi ya kujieleza. Mmoja wao alisema kwamba hakushiriki kabisa, bali alikuwepo tu mahali vurugu zilipotokea, jambo linalofanana sana na habari ya mwanao. Kesi hiyo, iitwayo Goss v. Lopez, iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1975 kwa kura tano dhidi ya nne. Majaji hawakudai mawakili wala kikao kirefu. Walisema mwanafunzi aelezwe tuhuma zake, kwa mdomo au kwa maandishi. Akizikana, aelezwe ushahidi uliopo, kisha apewe nafasi ya kutoa maelezo ya upande wake. Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika dakika chache tu baada ya tukio. Iwapo mwanafunzi ni hatari kwa wenzake, anaweza kuondolewa papo hapo, lakini asikilizwe mapema iwezekanavyo.

Barani kwetu msimamo si tofauti. Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inaitaka bodi ya shule impe mwanafunzi nafasi ya kujieleza kabla ya kumsimamisha kama hatua ya tahadhari, na akishapatikana na kosa kubwa baada ya shauri kusikilizwa, adhabu ya kusimamishwa haizidi siku saba za masomo. Kumfukuza moja kwa moja si kazi ya shule hata kidogo, kwani uamuzi huo ni wa mkuu wa idara ya elimu ya jimbo. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka kufukuzwa kuwa hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha mwanafunzi kushindikana, na baada ya mtoto na mzazi au mlezi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa.

Nikiri jambo hapa. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka kadhaa, na barua kama hiyo uliyopokea nimeziandika mwenyewe. Maneno «utovu wa nidhamu» ni gunia: unaweza kutia ndani yake wizi, utoro, ugomvi, au uso tu ambao mwalimu hakuupenda. Siku moja nilimwandikia kijana barua ya kumsimamisha kwa kukosa masomo ya jioni mara tatu mfululizo, kwa kuwa rejista ya kiranja ilikuwa na alama tatu za mkato mbele ya jina lake. Barua ilikuwa tayari mezani. Kilichoichelewesha ni kidau cha wino wa muhuri, ambacho kilikuwa kimekauka, nikamtuma mtu ofisi ya pili akaazime kingine. Katika kusubiri, kwa sababu tu ukimya ulikuwa unachosha, nikamuuliza kijana jioni hizo alikuwa wapi. Akafungua kiganja. Ngozi ilikuwa imebabuka kwa maji ya moto na bandeji imelegea. Kila jioni alikuwa zahanati akisafishwa kidonda, na mwalimu wa zamu ndiye aliyempa ruhusa, ila hakumwambia kiranja. Kidau kilipoletwa nilikuwa nimekwisha kuichana barua. Sijasahau kwamba kama wino ungekuwepo, yule mtoto angekwenda nyumbani.

Kwa hiyo, Mama, leo hii mwambie mwanao akae mezani aandike mwenyewe yaliyotokea: siku, saa, nani alikuwepo, nani alianza, yeye alifanya nini kwa mikono yake, kisha atie tarehe na sahihi. Usimwandikie wala usimsahihishie, kwa maana maelezo yenye lugha ya mzazi hayaaminiki. Nenda shuleni ukiwa na maelezo hayo pamoja na ile barua, na uulize kwa utulivu ni kanuni ipi ya shule iliyovunjwa, nani alitoa taarifa, kijana alihojiwa lini na nani, anarudi tarehe ngapi, na rufaa inapelekwa kwa nani. Omba majibu hayo yaandikwe. Omba pia masomo atakayoyakosa, kwa kuwa adhabu ya ugomvi haipaswi kugeuka adhabu ya hisabati. Usiporidhika, panda ngazi moja baada ya nyingine: bodi ya shule kwanza, kisha ofisi ya elimu iliyo juu yake. Ukianzia juu, faili litarudishwa chini, nawe utakuwa umekwisha kujenga uadui na watu wanaokaa na mwanao kila siku.

Neno moja gumu, uniwie radhi. Huenda mwanao hakuwa anaamulia. Hilo halibadilishi haki yake ya kusikilizwa, lakini libaki moyoni mwako unapoingia ofisini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa lenye wanafunzi zaidi ya sitini. Kioo cha dirisha kimevunjwa na hakuna anayekiri wala anayemtaja mwenzake. Walimu wenzangu wananishauri niwaadhibu wote mpaka mhusika ajulikane. Je, ni sahihi?
Mwalimu wa darasa

JIBU: Mwalimu mwenzangu, si sahihi, na nitakuambia kwanza kwa nini haifanyi kazi. Siku ya kwanza ya adhabu ya jumla, mvunja kioo ana hofu na wenzake wamemkasirikia. Siku ya pili, hasira imehamia kwako, na yeye amekuwa mmoja wa wanaoonewa. Umemficha katikati ya watu sitini, na umewafundisha walio safi kwamba usafi wao hauwasaidii kitu.

Hata katika vita, Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unakataza, katika kifungu cha 33, kumwadhibu raia anayelindwa na mkataba huo kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe, na adhabu za jumla zimetajwa waziwazi. Sisemi darasa ni uwanja wa vita, ingawa kuna vipindi vya mchana vinavyokaribia. Nasema kwamba kanuni waliyoikubali majenerali isitushinde sisi wenye chaki.

Itisha mazungumzo na mwanafunzi mmoja mmoja, wote, hata wale unaowaamini, ili anayekuja kusema lolote asijulikane kwa kuitwa peke yake. Uliza nani alikuwa wa mwisho kutoka darasani. Usipompata mhusika, ripoti kioo kama uharibifu usiojulikana mwenyewe, nawe ukubali kwamba makosa mengine hupita. Kulipanga darasa zima kusafisha vipande na kuziba dirisha ni jambo jingine, kwa sababu darasa ni lao, mradi usiliite adhabu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shuleni kwetu simu haziruhusiwi. Wiki iliyopita walimu walipekua mabegi ya darasa zima, na aliyekutwa na simu alilazimishwa kuifungua, ujumbe wake ukasomwa mbele ya wengine. Sikuwa na simu, lakini nilijisikia vibaya. Je, wana haki hiyo?
Mwanafunzi wa kidato cha nne

JIBU: Marahaba. Shule ina haki ya kukataza simu na kuichukua inayokutwa. Kupekua ni jambo lenye mipaka, na maelezo yaliyonyooka zaidi ninayoyafahamu kuhusu mipaka hiyo yanatoka tena Marekani. Katika shauri la New Jersey v. T.L.O. la mwaka 1985, mwalimu alimkuta msichana wa miaka 14 akivuta sigara chooni. Msichana akakana, na msaidizi wa mkuu wa shule akaufungua mkoba wake. Mahakama ilikubali upekuzi ule, ila ikaweka vipimo viwili: pawepo sababu ya maana ya kumshuku mwanafunzi tangu mwanzo, na upekuzi usivuke kile kinachotafutwa, ukizingatia umri wa mtoto, jinsia yake na uzito wa kosa. Mwaka 2009 mahakama hiyohiyo ilikutana na shule ya Arizona iliyomvua msichana wa miaka 13 mpaka nguo za ndani ikitafuta vidonge vya maumivu, na ikasema hapo shule ilikuwa imevuka mpaka.

Pima habari yako kwa vipimo hivyo. Kilichokatazwa ni simu. Ilipoonekana, kilichotafutwa kilikuwa kimepatikana. Kusoma ujumbe hakukuongeza ushahidi wowote wa kosa la kuwa na simu, na kuusoma mbele ya darasa kulikuwa ni kumwaibisha mwenzenu tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamlinda mtoto, katika kifungu cha 16, dhidi ya kuingiliwa kiholela katika faragha na mawasiliano yake. Lipelekeni jambo hili kwa mwalimu wa malezi au kupitia serikali ya wanafunzi, kwa maandishi na bila kumtaja mwalimu kwa kejeli. Na mwenye simu aiache nyumbani; kanuni ya simu haikufutika kwa sababu mwalimu alikosea.

SWALI: Bodi yetu inaandika upya sheria za shule. Rasimu ina vifungu 41. Kimoja kinasema atakayekutwa na simu atafukuzwa, hakuna kujadiliana. Kingine kinataja viboko sita kwa «tabia isiyofaa». Wajumbe wengi wanaona ukali ndio utakaorudisha nidhamu. Ushauri wako ni upi?
Mjumbe wa bodi

JIBU: Ndugu Mjumbe, nianze na viboko, maana huko bodi inaweza kujikuta imevunja sheria ya nchi kabla haijamaliza kikao. Kenya ilivipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria yake ya mwaka 2013 inamfanya anayemwadhibu mwanafunzi kikatili, kimwili au kisaikolojia, kuwa mtenda jinai. Afrika Kusini ilivifuta katika sheria ileile ya 1996, na Uganda katika marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Tanzania bado inaviruhusu, lakini kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne kwa tukio moja, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila mara viandikwe kitabuni. Sita, basi, haviruhusiwi katika nchi yoyote kati ya hizo nne. Kwa maoni yangu, hata pale vinaporuhusiwa, bodi haikosi kitu ikiviacha.

Kuhusu «hakuna kujadiliana», wenzetu wamekwisha kulijaribu. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka shule za umma kumfukuza kwa muda usiopungua mwaka mmoja mwanafunzi atakayeleta bunduki, na hata sheria hiyo iliacha mlango wa kupima kila tukio. Wilaya nyingi za elimu zikaupanua ukali huo mpaka kwenye makosa madogo. Mwaka 2008 jopo la Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani lilipochapisha tathmini yake, halikupata ushahidi kwamba siasa hiyo ya kutosamehe ilizifanya shule kuwa salama zaidi. Mtoto aliyeficha simu ili azungumze na mama yake mgonjwa na yule aliyeitumia kupiga picha wenzake bafuni wamevunja kifungu kimoja. Kanuni isiyoweza kuwatofautisha inamfunga mikono mkuu wa shule wenu mwenyewe.

Vifungu 41 ni vingi mno. Nina shaka kama wajumbe wenyewe wanaweza kuvitaja kumi bila kutazama karatasi. Fuateni utaratibu ambao Afrika Kusini imeuweka katika sheria, wa kuwashirikisha wanafunzi, wazazi na walimu kabla ya kupitisha. «Tabia isiyofaa» ifutwe, na kila kosa liitwe kwa jina lake. Kifungu cha simu ningekiandika hivi: «Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Simu itakayokutwa itazimwa na mwanafunzi mwenyewe, itapokewa na mwalimu wa nidhamu, na itaandikwa katika kitabu cha mali zilizochukuliwa pamoja na tarehe, hali ya simu na sahihi ya mwanafunzi. Mwanafunzi ataulizwa sababu, na jibu lake litaandikwa. Mzazi au mlezi ataitwa kuichukua. Kosa likirudiwa, au simu ikiwa imetumika kumdhuru mwingine, suala litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, ambako mwanafunzi atasikilizwa akiwa na mzazi wake.»

Hali ya simu msiisahau. Nimeshuhudia ugomvi wa miezi miwili kati ya shule na mzazi uliotokana na ufa kwenye kioo, kila upande ukiapa kwamba ufa ulitokea kwa mwenzake, na kitabu kilikuwa kimeandikwa tu: «simu moja, nyeusi.»