Mars? Tuanze na mifupa kwanza
Ndugu, umeuliza kama wajukuu zetu watahamia sayari ya Mars. Kuishi angani kwenyewe si ndoto tena: kituo cha anga cha kimataifa, ISS, hakijakaa bila watu tangu Novemba 2000, na Mrusi Valeri Polyakov alikaa Mir, kituo cha anga cha Warusi, siku 437 mfululizo, 1994 hadi 1995. Shida ni mwili. Angani unaelea, na usipobeba uzito wako mifupa ya nyonga hupungua kama asilimia 1 kwa mwezi, ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi karibu saa 2 kila siku, wamefungwa mikanda kwenye mashine ya kukimbilia wasije wakaelea. Maji ya kunywa yanatokana na jasho na mkojo uliosafishwa (ndiyo, mkojo). Mionzi ya angani, nayo inadhuru mwili, sijaigusa bado. Lakini ISS iko kilomita 400 tu juu yetu. Kipuri kikifa, kinaletwa kingine. Mars ni safari ya miezi saba hivi, na nafasi nzuri ya kuondoka huja kila miezi 26. Ukishikwa na kidole tumbo huko, rufaa utapewa ya wapi? Kambi ya watafiti mwezini naiona inakuja. Mji wa Mars wenye shule na watoto, hapana, si kwa wajukuu hawa.