Masika, kuhusu tetemeko na bega langu

Mwanangu Masika,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yako. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, haya matetemeko madogo tunayoyapata hapa Kasese kila mara, je, yanapunguza nguvu ya lile kubwa kama wanavyosema wenzako kazini, au yanatutangazia kwamba linakuja? Pili, kwa nini tusihamie Kampala, maana umetupatia vyumba viwili karibu na kwako. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa simu ningeruka sehemu moja, na hiyo sehemu nimeiruka kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lile la wiki iliyopita lilikuwa dogo. Vikombe vililia kabatini, mlango wa stoo ukagonga mara mbili, na mama yako akasema "limepita" kabla sijakaa vizuri kitandani. Wewe umezaliwa hapa, unajua. Lakini umekaa mjini miaka mingi, nadhani umesahau jinsi yalivyo ya kawaida. Wataalamu waliotandaza mashine za kupimia kuzunguka mlima wa Rwenzori walihesabu mitikisiko mamia kwa mwezi mmoja, mingi ikiwa midogo kiasi kwamba mtu aliyesimama juu yake hajui kitu.

Sababu yake iko chini ya mlima wenyewe. Bonde la Ufa linaendelea kufunguka, upande wa Kongo na upande wetu vikiachana milimita chache tu kwa mwaka. Mwamba wa Rwenzori umebanwa katikati ya nyufa hizo na umesukumwa juu hadi mita 5,109. Si volkano, kama mwalimu mmoja alivyowahi kutufundisha. Ni kipande cha ardhi ya kale kilichoinuliwa, na nyufa zinazokizunguka hazijalala. Mwamba hauteremki wala haupandi kwa ulaini. Hukwama, ukajikaza miaka na miaka, halafu ukachomoka. Kule kuchomoka ndiko tunakokusikia.

Sasa swali lako. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na nadhani wenzako wamejenga hoja yao hapo: likitoka dogo, na dogo, na dogo, kubwa litakuwa limeisha kidogo kidogo. Binti yangu, hesabu inakataa. Kila ukipanda namba moja kwenye kipimo cha ukubwa wa tetemeko, kutoka 4 kwenda 5, nguvu inayotoka huongezeka karibu mara 32. Kwa hiyo ili matetemeko ya 4 yalipie deni la moja la 6, unahitaji kama 1,000. Lile la mwaka 1966, ambalo lilikuwa takriban 6.8, lingehitaji kama 16,000. Haya ya kutikisa vikombe mengi hayafiki hata 4. Usiku ule wa wiki iliyopita hatukupunguziwa chochote.

Na kutangaza je? Pengine kubwa hutanguliwa na madogo, lakini hayo huitwa watangulizi baada ya kubwa kuja. Kabla ya hapo yanafanana kabisa na yale mengine yote yaliyokuja yakaisha. Wataalamu wetu wa Entebbe hawawezi kukutajia siku, wala wa Japani, wala wa Marekani. Ndiyo maana naomba usinitumie tena zile jumbe za WhatsApp zinazosema lingine linakuja saa tisa usiku. Mara ya mwisho mama yako alilala nje na baridi yote ile, akaumwa kifua siku nne. Kitu kimoja tu ni cha kweli: likishapiga kubwa, mengine hufuata kwa siku na wiki, yakipungua polepole, na nyumba iliyopasuka mwanzoni yaweza kuangushwa na dogo linalofuata. Hapo kulala nje ni sawa. Kwa uvumi, hapana.

Jibu langu la kwanza ndilo hilo. Madogo hayatulindi wala hayatuonyi. Ila yananikumbusha ukuta.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1966. Tuliishi Bundibugyo, upande wa pili wa mlima. Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Machi, saa kumi na dakika arobaini na kitu, bado giza. Kwanza ilikuja sauti, mngurumo wa chini kama lori zito linalopanda kilima, na pale kijijini petu hapakuwa na lori. Kisha nikawa sakafuni. Nyumba ya bibi, ya miti na udongo na paa la nyasi, iliinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, ikabaki hivyo imeinama. Tulitoka kwa kutambaa, sote saba. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa ya matofali, sote tuliionea fahari. Matofali yale yalikuwa yameshikwa kwa udongo mtupu. Ilianguka yote. Yeye alitoka, mke wake hakutoka. Watu wapatao 150 walikufa katika tetemeko lile na zaidi ya 1,300 waliumia, na nyumba zilizoharibika zilihesabiwa kwa maelfu. Tulilala kwenye migomba wiki nyingi. Nakumbuka baba mdogo akirudi kila asubuhi kupanga matofali yake safu safu, mazima upande huu, vipande upande ule, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anayapanga kwa ajili gani.

Nilikua nikijua jambo hilo. Nilijua nyumba ndiyo inayoua. Hapo ndipo ilipo ile sehemu ninayoiruka.

Wewe na wadogo zako mmekua mkijua kwamba bega langu la kulia liliumizwa mgodini Kilembe. Si kweli. Mgodini nilitoka mzima.

Nilipojenga nyumba yetu ya kwanza hapa Kasese, mwaka kabla hujazaliwa, fundi aliniambia tupitishe mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote, ule wanaouita ringi bimu, ili kuta nne zishikane kama mtu aliyefunga mkanda kiunoni. Nikamwambia fedha hiyo ni ya mabati. Akaniomba basi angalau ule ukuta wa pembe tatu wa mbele, unaopanda hadi kwenye paa, tusiujenge kwa matofali, tuufunge kwa mbao. Nikakataa, nikasema mbao ni za banda la mbuzi. Nilitaka nyumba ionekane. Fundi yule alifanya nilichomlipa akifanye, hana kosa.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Februari 1994, saa nane na nusu, likaja lile la Kisomoro, upande wa Fort Portal. Lilikuwa 6.2. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ulikuwa ukilala katikati yetu. Nilikushika nikakimbia mlango wa mbele. Sikufikiri. Nilipokanyaga kizingiti ukuta ule wa pembe tatu ukaachia juu yetu. Nilikuinamia, na matofali yakashukia bega. Moja lilipita kati ya shingo yangu na kichwa chako. Mama yako, ambaye alibaki chini kando ya kitanda kwa sababu miguu ilimkataa, hakupata hata mkwaruzo.

Niliwaambia watu ni ajali ya mgodini kwa sababu niliona aibu. Mtoto wa Bundibugyo, aliyeona matofali ya baba mdogo, akajenga yaleyale juu ya kichwa cha binti yake ili majirani waone. Mama yako alinitunzia siri hiyo, na juzi aliniambia inatosha sasa. Naomba unisamehe, Masika. Nimekaa na hofu ya tetemeko kubwa maisha yangu yote, lakini nikisikia vikombe vikilia huwa nafikiri kwanza juu ya lile tofali lililopita.

Nyumba tunayokaa leo unaijua, lakini hujui kwa nini iko hivyo. Ni fupi na ya mraba kwa makusudi. Ina mkanda wa zege juu ya msingi, mwingine juu ya milango na madirisha, na nguzo za zege kila pembe, nondo zake zikiingia kwenye mikanda yote miwili. Madirisha yako mbali na pembe, ndiyo maana sebule ina giza ambalo mama yako amelilalamikia miaka yote. Juu, mbele na nyuma, ni mbao na mabati. Ikitikisika itapiga kelele, huenda itapasuka, lakini sidhani itatuangukia. Ilituchukua miaka sita kuimaliza kwa sababu sikutaka kupunguza nondo hata moja.

Swali la kuhama sasa. Nashukuru kwa moyo wako, na najua kodi ya Kampala si ndogo. Lakini hatuji. Kahawa yangu iko hapa, wazee wangu wamezikwa hapa, na mama yako ana wateja wake wa Jumatano sokoni. Halafu, usidhani Kampala iko nje ya jambo hili. Mwaka 1945 tetemeko lilipiga Masaka. Mwaka 2016 lile la Bukoba, 5.9 tu, liliua watu wasiopungua 17 upande wa Tanzania, na Rakai, upande wetu wa Uganda, watu waliumia na nyumba zikaanguka. Majirani zako Waganda wana jina lake, musisi, tangu zamani sana. Watu hawatoi jina kwa kitu ambacho hakiwatembelei. Kwa kweli, hapa Kasese ninauogopa mto Nyamwamba kuliko ardhi. Mwaka 2013 uliona mwenyewe ulivyochukua nyumba na madaraja. Tetemeko likija msimu wa mvua, mlima ukamomonyoka na kuziba maji huko juu, mto utapungua ghafla, kisha kizuizi kikipasuka maji yatashuka yote kwa mpigo. Tumekubaliana na mama yako: tukiona maji yamepungua bila sababu tunapanda kuelekea kanisani, hatuulizi mtu.

Nami nina hofu juu yako pia. Unakaa ghorofa ya tatu. Likitikisa, usikimbilie ngazi, wala usisimame mlangoni kama tulivyofundishwa zamani. Shuka chini, ingia chini ya meza ngumu, shika mguu wake, na kinga kichwa na shingo hadi litulie. Kama uko kitandani, baki hapo na mto juu ya kichwa. Kitanda cha mtoto kitoe chini ya dirisha leo, si Jumamosi. Lile kabati refu la vyombo lifunge ukutani kwa skrubu, na mtungi wa gesi uujue kuufunga hata gizani. Viatu weka chini ya kitanda, maana watu wengi huumia baadaye kwa kukanyaga vioo. Sisi hapa ni tofauti kidogo: mtu aliye jikoni, kwenye kile kibanda cha udongo chenye mlango unaofunguka uwanjani hatua mbili, atoke nje haraka na asimame mbali na kuta. Kila mtu aijue nyumba yake. Na sigiri haiachwi ndani na moto usiku, hilo halihitaji tetemeko.

Fedha uliyotaka kulipia vyumba, kama bado una nia ya kuitoa, naomba uielekeze hapa. Chumba wanacholala wajukuu wakija Krismasi ndicho cha zamani, kilichobaki kwenye nyumba ile ya kwanza. Kuta zake ni za matofali na udongo, na mkanda wa zege hakina. Nimekuwa nikisema nitakishughulikia tangu wa kwanza aanze kutembea. Fundi kijana wa hapa mtaani amekiangalia, anasema tusikirekebishe, tukibomoe hadi msingi. Nakubaliana naye. Matofali mazima tutayatumia tena kwa saruji, na nondo nitazinunua mwenyewe, nizipime mwenyewe. Mpaka kiishe, wajukuu watalala sebuleni na sisi, kwenye mikeka, na nimeshahamisha picha ya harusi kutoka ukuta ule.

Usitume yote kwa pamoja. Anza na ya saruji, kwa sababu mvua zikianza bei hupanda na gari halifiki kwetu. Mama yako anakusalimu, anauliza kama mtoto ameacha kukohoa. Nipigie ukishasoma, hata kama umekasirika. Nipigie usiku, nitakuwa macho.

Baba yako,
Kasese